Masta Silinda ya Mzee Athanasi

Saa nane na dakika kumi mchana, Novatus, mwenye gereji pale Bariadi, alifungua boksi mbele ya Mzee Athanasi, mteja aliyeleta Land Cruiser yake kuukuu itengenezwe breki. Badala ya masta silinda mpya, ile pampu inayosukuma mafuta ya breki, ndani mlikuwa na chuma kikuukuu kilicholowa mafuta.

"Saa nne nililifungua mwenyewe. Ilikuwa mpya," Novatus alisema, akimkodolea macho fundi wake. "Nikamkabidhi Ngassa mkononi. Ngassa, saa kumi na mbili ikifika haijarudi, leo unalala polisi."

Ngassa akampigia simu dada yake, Nyamizi, muuza spea wa mtaa wa pili. Nyamizi alifika akiwa amefura. Watu wanaohukumu kabla ya kupima walimchefua tangu zamani.

"Boksi liliwekwa wapi?" alimuuliza mdogo wake.

"Hapo mezani."

"Uliliacha peke yake?"

"Saa sita. Bosi alinituma nikajaribu gari la mteja, mpaka Somanda na kurudi. Kama nusu saa hivi."

"Nani walikuwepo?"

"Wateja kama watano. Namjua Charles tu, yule wa mashine ya kukoboa."

Charles alikuwa na Land Cruiser kuukuu kama ya mzee, na Novatus alitaka akamatwe hapo hapo. Saa tisa kasorobo Nyamizi alikuwa uani kwa Charles.

"Fungua boneti, kaka."

Masta silinda ya Charles ilikuwa imefunikwa na vumbi la miezi, na hakuna boliti iliyoguswa. Nyamizi akamwomba radhi, akarudi gereji na kuichukua ile kuukuu. Ilikuwa na matundu mawili ya boliti. La kushoto lilikuwa limechongwa kwa tupa hadi likawa na umbo la yai. Akaipeleka kwenye gari la mzee, matundu hayakulingana.

"Fundi anayelijua gari hili angeweka inayofanana na ya gari hili," alimwambia Novatus. "Huyu aliweka aliyokuwa nayo mkononi."

Akatulia, akafikiri. Magari ya zamani ya Simiyu yamebadilishwa viungo mara nyingi hata kadi zake hazisaidii kitu. Kwa hiyo mtu hununua spea kwa sampuli: anakifungua kifaa kibovu, anakitia kwenye mfuko, anazunguka nacho duka kwa duka. Mwizi alikuja na sampuli yake, akaiacha boksini ili boksi liwe na uzito. Na kama yake haikuingia kwenye gari la mzee, basi mpya ya mzee nayo haitaingia kwenye gari lake. Itabidi atafute tena, na safari hii bila sampuli.

Nyamizi akawapigia simu wenzake wenye maduka. "Akija mtu anatafuta masta silinda mikono mitupu, mleteni kwangu."

Saa kumi na dakika ishirini akaingia dukani kwa Nyamizi Januarius, mtu wa Lingeka, nadhifu na mpole.

"Mwadila, mayo," alimsalimu kwa Kisukuma, akimwita mama. "Nimeelekezwa kwako. Natafuta masta silinda ya Land Cruiser ya zamani."

"Mwadila, baba. Sampuli iko wapi?"

"Imepotea."

"Nitakupaje kitu nisichokijua? Basi nieleze ilivyokuwa."

Januarius akaeleza kwa makini, kama mteja mwema. "Matundu mawili. La kushoto fundi mmoja wa Binza alilichonga kwa tupa, limekuwa refu kidogo."

Nyamizi akainama chini ya kaunta, akaitoa ile kuukuu, akaiweka mbele yake. Novatus na Ngassa wakatoka nyuma ya rafu walikokuwa wamejificha.

"Hii hapa, baba. Ilikuwa ndani ya boksi la Mzee Athanasi."

Januarius akaligusa lile tundu lililochongwa.

"Gari limelala wiki tatu," alisema hatimaye. "Pamba ya mama yangu iko shambani, na ununuzi unafungwa Ijumaa. Nikaona boksi limekaa peke yake. Ile mpya haikuingia. Iko nyumbani, sijaiharibu."

"Na mdogo wangu angelala ndani kwa ajili ya pamba ya mama yako?"

Novatus akaondoka na Januarius kwenda kuichukua ile mpya, kisha akampeleka kituoni. Aliporudi alimshika Ngassa mkono.

"Nisamehe. Nilikimbilia kukushtaki."

"Ulikimbia kweli, bosi," Ngassa alisema, ila alikuwa anatabasamu.

Saa kumi na mbili kasoro dakika tano breki zilishika. Mzee Athanasi alikuwa bado anashukuru kwa Kisukuma, wabeja, wabeja, pale Elina, mke wa Ngassa, alipoingia akihema, amekumbatia blanketi.

"Wameniambia polisi kuna baridi," alisema.

Ngassa alilichukua, akajifunika nalo uso, akalia waziwazi kwa ile nafuu. Kisha akamrudishia.

"Rudi nalo, mke wangu. Leo nalala kwangu."