Silinda ya Nyuma

Injini iliyomwagwa oili na kutolewa plagi haina namna ya kugonga, na fundi alilijua hilo kuliko alivyoujua umri wake. Hata hivyo, asubuhi ile, kabla hajamaliza chai, aliisikia kutoka karakana iliyopakana na jiko: tik, tik, tik, mlio mkavu wa vali za silinda ya nyuma.

Pikipiki ya marehemu mwanawe ilikuwa imeegemea ukuta tangu mazishi, gurudumu limepinda, injini yenye silinda mbili zilizoachana kama vidole imefunikwa turubai.

"Umesikia?" mkewe alinong'ona.

"Bati linatanuka kwa jua."

"Jua lenyewe liko wapi, mume wangu?"

Siku ya tatu mlio ulikuja na harufu ya oili iliyoungua. Siku ya saba fundi alilivuta turubai akakuta chuma baridi, kimya kama jiwe, lakini alipogeuka kuondoka mlio ukaanza tena, karibu kabisa na kisogo chake, ukaongeza kasi kadiri alivyoongeza hatua, kama mwendeshaji aliyekwisha kuiona taa ya kwao na sasa anavuta mafuta kwa furaha, hata fundi akajikuta amesimama mlangoni na machozi yakimtoka, hajui kama analia kwa hofu au kwa kumkumbuka mwanawe.

Mkewe hakuogopa. Alihamishia kigoda chake karakanani, akawa anauuliza ule mlio, "Umekula, baba?" Yeye mwenyewe hakuwa akila. Akakauka, kanga ikamzunguka mara tatu.

Ndipo fundi alipomwita mganga, mwanamke mfupi aliyeshuka kwenye pikipiki ya kukodi ameshika kiuno. "Dereva huyu ana ugomvi na kila shimo barabarani!" Kisha akatega sikio kwenye silinda, na mzaha ukamtoka usoni.

"Huyu si mwanenu. Ni jini, na anamla mama huyu. Fundi, kuna neno umelificha. Neno hilo ndilo kiti chake. Litoe."

Fundi alimtazama mkewe, akainamisha kichwa.

"Upepo huipoza silinda ya mbele. Ya nyuma hupata masalia, huchemka zaidi. Vali zake lazima ziachiwe nafasi, zigonge kidogo. Zikigonga ni nzima. Lakini wewe ulisema mlio unakuumiza kichwa, na mwanetu akasema wenzake wanamcheka amepanda cherehani. Nikaibana nafasi mpaka pakawa kimya. Vali haikufunga sawasawa, ikaungua, ikakatika, injini ikakamata, ikagoma kuzunguka, akiwa kwenye mwendo. Niliwaambia watu kilichomwangusha ni barabara. Haikuwa barabara."

Mkewe aliweka kiganja juu ya silinda ile.

"Siku ile alipoondoka," alisema, "nilisema mwenyewe, afadhali leo masikio yangu yamepumzika."

Mganga alifukiza ubani, akasoma, akanyunyiza maji. Mlio ukapungua, ukaja kwa kuachana, ukakoma. Jioni hiyo mama alilia kwa mara ya kwanza tangu mazishi, kisha akaomba chakula.

Kulipopambazuka fundi alikwenda kuifungua injini aitupe. Aliondoa kifuniko cha silinda ya nyuma na, kwa mazoea ya mkono, akapenyeza fila, kile kibati chembamba cha kupimia nafasi ya vali. Kikaingia bila kizuizi. Kisha kitu kikakibana, taratibu, jinsi mtoto anavyokishika kidole cha baba yake wakivuka barabara. Alivuta. Hakikuachiwa. Chuma kilikuwa kinapata joto.

"Mume wangu!" mkewe aliita kutoka jikoni, sauti yake nyepesi, kijiko kikilia ndani ya kikombe. "Leo kimya, sivyo?"

Fundi aliwaza mkate ambao mkewe alikuwa akiutafuna, wa kwanza kwa siku nyingi.

"Kimya, mke wangu," alijibu. "Wewe kula tu."

Chini ya vidole vyake, polepole, kama anayejiweka sawa kitini, silinda ikajibu: tik.