Maji ya Chumvi ya Mama Scholastique

Jumapili moja ya mwaka 2004, baada ya ibada, familia ndogo ilikuwa mezani katika nyumba ya kupanga huko Carrollton, Marekani. Kulikuwa na fufu, sombe ya majani ya muhogo, na samaki. Josiane, mpakiaji wa mizigo ghalani, alikuwa amevaa lenzi za macho, vile viduara laini vinavyowekwa juu ya mboni badala ya miwani, kwa wiki yake ya kwanza, na miwani mizito aliyotoka nayo Uvira, Kongo, ilikuwa kabatini.

Mumewe Heritier alimtania. "Sasa utaniona vizuri. Usije ukajuta."

Walicheka. Naomba, ndugu msomaji, uikumbuke meza hiyo, kwa sababu hapakuwa na mjinga wala mwovu aliyeketi pale.

Dawa ya kuoshea lenzi iliisha siku ya kazi, na dukani ni mbali kwa asiye na gari. Shangazi yake Heritier aliyeishi nao, Mama Scholastique, alichemsha maji, akatia chumvi, akayaacha yapoe katika kikombe chenye kifuniko. Alikuwa na sababu. Katika kambi ya wakimbizi aliosha vidonda vya watoto kwa maji kama hayo, na vilipona. Josiane alipositasita, aliambiwa kwamba maji yaliyochemka hayana ubaya.

Wiki tatu hakuna kilichotokea. Huo ndio uliokuwa ushahidi wao, na ulikuwa ushahidi mbovu.

Wiki ya nne jicho la kulia liliwasha, kisha likauma. Walisingizia pilipili, halafu vumbi la ghalani. Josiane aliendelea kuvaa lenzi akidhani inalikinga jicho na vumbi hilo. Usiku alilala nayo, maana rafiki mmoja kazini alimwonya kwamba ukiitoa vibaya itateleza nyuma ya jicho hadi kwenye ubongo. Jambo hilo haliwezekani: utando unaounganisha jicho na kope umefunga njia. Lakini nani angemweleza?

Aliyemweleza ni jirani yao Wacuka, muuguzi kutoka Nyeri, aliyekuja kurudisha sufuria. Alimkuta Josiane amefunga mapazia mchana, taulo usoni. Akauliza lenzi zinaoshwa kwa kitu gani. Akaonyeshwa kikombe, akasimuliwa na ile hofu ya lenzi kufika kwenye ubongo.

"Toa hiyo lenzi saa hii," alisema. "Haiwezi kwenda kwenye ubongo, njia imefungwa. Usiitupe. Tunaibeba pamoja na kikombe."

"Mwanangu, maji niliyachemsha mimi mwenyewe," Mama Scholastique alisema.

"Najua, Mama. Yalikuwa safi yalipochemka. Yamekaa siku ngapi humo?"

Mama alikifunua kikombe na kutazama ndani. Kila yalipopungua, alikuwa akiyaongezea maji kidogo ya bomba.

Hospitalini daktari alikwangua kidogo uso wa jicho na kupima. Alikuta kijidudu kinachoishi kwenye maji, hata ya bomba, kikiwa kimeanza kula kioo cha mbele cha jicho. Alisema wiki mbili zaidi zingetosha kulipoteza jicho.

Dawa ilikuwa ya matone, kila saa, mchana na usiku. Heritier alikuwa zamu ya usiku. Aliyetega saa ya kengele na kuamka mara zote hizo ni Mama Scholastique. Mikono iliyotia chumvi ndiyo iliyotia dawa, na haikukosa hata saa moja.

Baada ya miezi saba lilibaki kovu dogo. Josiane alirudi kwenye miwani, na kwa jicho lile anasoma mstari wa nne wa ubao wa herufi wa daktari. Wa tano hausomi.

Siku ya kutoa shukrani kanisani, alisimama amshukuru Mungu na Wacuka. Kabla hajaketi, Mama Scholastique alisimama pia.

"Maji niliyachemsha mimi," alisema. "Nilijua ya vidonda. Ya macho sikujua, na sikuuliza. Nashukuru Josiane ananiona nikisema haya."

Ibada ilipoisha, wanawake watatu walimfuata Wacuka uani. Kila mmoja alikuwa na swali kuhusu vikopo vya lenzi, na mmoja alikiri kwamba zake huzilowesha kwa mate.

FUNZO

Lenzi huoshwa na kuhifadhiwa kwa dawa yake tu, si kwa maji ya bomba, ya chumvi, yaliyochemshwa, wala mate. Usilale nayo bila ruhusa ya daktari. Jicho likiwa jekundu au likiuma, itoe na uende hospitali siku hiyohiyo. Na wewe unayeshauri, hata kwa upendo, jiulize kwanza: hili nalijua, au nalifananisha tu na lile nililolijua?