Gambuti za Celina

Kila asubuhi Mwaniki aliteremka mtoni kuchimba nduma. Na kila asubuhi aliporudi, mkewe Celina alimgombeza.

"Hizi ni nduma au ni vidole vya mtoto?" Celina aliuliza, akiinua moja.

"Nduma ni nduma, Mama Lenah."

"Umeng'oa watoto ukawaacha wazazi. Zile kubwa ziko karibu na maji."

"Karibu na maji kuna matope."

"Nduma hupenda matope. Wewe ndiye huyapendi."

Mimi nilikuwa ng'ambo ya ua, nikicheka peke yangu. Naitwa Mukami. Ni jirani yao hapa Manyatta, na jioni nafundisha darasa la gumbaru, la watu wazima wanaojifunza kusoma. Celina ni mwanafunzi wangu. Alianza kusoma akiwa na miaka hamsini na mbili, na huuliza maswali mpaka mwalimu anaomba maji ya kunywa.

Shamba lile la nduma ni lake. Alilipanda kwa mikono yake, kabla ugonjwa wa sukari haujampata. Alipata kidonda kidogo kwenye kidole cha mguu wa kushoto. Akakidharau. Kidonda kikaingia ndani, kikafika mfupa. Hospitalini wakalazimika kuukata mguu chini ya goti.

Mwaka ukapita. Celina alitembea kwa magongo mawili. Nyumbani alifika kila mahali, na darasani hakukosa. Lakini njia ya mtoni ni ya mteremko mkali, na mvua ikinyesha huteleza. Magongo hayafiki huko.

Siku moja, watu walipotoka darasani, aliniambia, "Mwalimu, kutoka kwangu nausikia mto. Naishia kuusikia tu."

Hapo sikucheka.

Mwaniki alijua huzuni ya mkewe, ingawa hawakuizungumza. Basi akakata mkungu wa ndizi mbivu, akaupeleka dispensari kwa nesi wetu. Nesi huyo ni Zuena, mtoto wa Majengo, mjini Embu. Yeye ndiye aliyemwosha Celina kidonda baada ya upasuaji, miezi mitatu mfululizo.

"Sista," Mwaniki alisema, "niandikie mguu wa mama."

"Mzee, nitakuandikia barua ya kwenda kumwona daktari hospitalini. Mguu wenyewe siwezi kuuagiza."

"Kalamu si hiyo mfukoni?"

"Kalamu ninayo. Ruhusa sina. Mimi nimesomea kuuguza. Kuagiza mguu wa bandia ni kazi ya mtaalamu aliyesomea hiyo na kusajiliwa kwa hiyo. Nikiandika nisichokijua, nitamuumiza Mama Lenah."

Mwaniki alisikia neno moja tu, "siwezi." Akauinua mkungu wake wa ndizi, akarudi nao nyumbani. Nilimwona akipita nao njiani. Mwaniki ni mtu mwema sana, lakini akikasirika huwa kama mtoto, na siku ile nilimwambia hivyo.

"Majirani gani hawa," akanijibu. "Saini tu imemshinda."

Sasa nieleze jambo moja la kwetu. Hapa neno "daktari" halina mwenyewe. Anayechanja ng'ombe ni daktari. Anayeuza dawa dukani ni daktari. Tulikuwa hata na daktari wa redio, na redio zilimfia mikononi. Mtu akivaa koti jeupe, sisi tunamsalimu, "Habari, daktari?" Naye asipokataa, basi amekuwa.

Ndivyo alivyokuwa Kithaka wa soko la Karurumo. Aliuza magongo na mishipi ya mgongo, na alivaa koti jeupe. Mwaniki alimwendea siku ya soko.

"Mguu?" Kithaka alisema. "Hilo ni jambo dogo. Niletee kipimo."

Mwaniki akarudi nyumbani, akamkuta Celina amekaa akipukuchua mahindi. Akachukua kamba ya katani, akampima mguu wa kulia kutoka goti hadi chini.

"Unapima nini, Baba Lenah? Jeneza?"

"Tulia kidogo, mama."

Akafunga fundo kwenye kamba, kama mtu anayepima mlango. Wiki iliyofuata akampelekea Kithaka.

"Anavaa kiatu namba ngapi?" Kithaka aliuliza.

"Sita."

Kithaka akaandika kwenye karatasi. Hakuuliza jina la mgonjwa. Hakuuliza aliugua nini. Celina mwenyewe hakumwona hata siku moja.

Baada ya majuma matatu mguu ukaja. Mwaniki aliubeba begani kutoka barabarani, akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti ambayo, Mungu anisamehe, haikuumbwa kwa kuimba. Celina alipoona ni nini, alilia. Wakaufunga mguu kwa mikanda yake. Celina akasimama. Akatembea hatua kumi uwanjani, mkono mmoja begani kwa mumewe.

"Unauma?" Mwaniki aliuliza.

"Hauumi," alisema Celina.

Ulikuwa unauma tangu hatua ya kwanza.

Kila siku aliuvaa. Kila siku alisema uko sawa. Usiku aliosha kigutu chake mwenyewe, mlango umefungwa. Kigutu ni ile sehemu ya mguu iliyobaki baada ya kukatwa. Mimi niliona anachechemea darasani, nikamuuliza. Akaniambia ni uzee. Nami nikakubali, na hadi leo najilaumu kwa hilo.

Kisha alasiri moja mvua ikaja ghafla. Mwaniki akakimbia kuanua nguo kwenye kamba. Kati ya nguo kulikuwa na soksi nene nyeupe, ile aliyoivaa Celina ndani ya mguu wa bandia. Ilikuwa imefuliwa vizuri, lakini ilikuwa na doa la kahawia lililokataa kutoka.

Mwaniki aliingia nyumbani na soksi mkononi.

"Hii ni damu?"

Celina akanyoosha mkono kuichukua.

"Mama Lenah, kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuja nao begani ukiimba," Celina alisema polepole. "Ningekuambiaje?"

Mwaniki aliketi chini. Aliniambia baadaye kwamba maneno hayo yalimuuma kuliko tusi lolote. Halafu akavaa kofia, akaenda dispensari kwenye mvua ile ile, mikono mitupu, bila hata ndizi moja.

"Sista," alisema, "nilikukosea. Njoo umwone mama."

 Zuena alichukua mkoba wake na mwavuli. Alipokifungua kigutu, akakuta kidonda kwenye ngozi iliyo juu ya mfupa, kikubwa kama punje ya mahindi.

"Huu mguu usiuvae tena," alisema. "Mama Lenah, unajua kidonda cha kwanza kilianza na ukubwa gani?"

"Hivi hivi," Celina alinong'ona.

"Basi tusicheze. Mwenye sukari hupona taratibu. Kidonda hiki kikishuka ndani, watakata tena, na safari hii ni juu ya goti. Goti ni mali. Mwenye goti lake hujifunza mguu wa bandia kwa urahisi zaidi." Akamgeukia Mwaniki. "Nani aliuagiza?"

"Daktari."

"Daktari wa nini?"

 Lilikuwa swali dogo, na Mwaniki hakuwahi kulifikiria.

Kesho yake walikwenda hospitali kubwa mjini Embu, wakiwa na barua ya Zuena. Daktari aliyewapokea alikuwa mwanamke mtaratibu. Alipima sukari, akatazama kidonda, akaagiza dawa, na kidonda kifungwe bandeji kila siku. Zuena ndiye aliyefunga. Celina akarudi kwenye magongo. Majuma sita nilikuwa nikimuuliza kila asubuhi kutoka ng'ambo ya ua, "Goti liko?" Naye Celina alijibu, "Goti liko, mwalimu." Ilikuwa salamu yetu. Lakini nilikuwa nikiogopa jibu, kwa sababu nampenda.

Kidonda kikapona. Wakarudi kwa daktari. Safari hii alimpima Celina mwili wote. Alikunja goti na kulinyoosha. Aliangalia nguvu ya mguu wa kulia, macho, moyo na uzito. Kisha akachukua karatasi.

"Sasa naandika barua ya kuagiza mguu," alisema.

Mwaniki alikohoa. "Daktari, samahani. Kwa nini mwingine asiandike? Kithaka pia aliandika."

"Mzee, nesi anaweza kukuandikia dawa ya moyo kwa kukisia?"

"Hapana."

"Mguu nao ni hivyo. Ni tiba, si kiatu. Anayeagiza lazima amwone mgonjwa na kumpima. Lazima ajue kama kidonda kimepona na damu inafika mguuni. Ndiyo maana kazi hii hupewa wataalamu wa afya waliosajiliwa na kuruhusiwa kuifanya. Tazama." Akaweka kidole kwenye karatasi. "Hapa kuna jina langu. Hapa namba yangu ya usajili. Hapa mhuri. Mguu ukimuumiza mama, unajua pa kunipata. Karatasi ya Kithaka ilikuwa na nini?"

"Ilikuwa na namba sita," alisema Mwaniki.

Celina akacheka mpaka akashika meza.

Daktari akaongeza, "Usione haya kumuuliza mtu, 'Umesajiliwa kwa kazi gani? Niambie namba yako.' Mtaalamu wa kweli hakasiriki. Ukiwa na shaka, ulizia hospitalini kabla hujakubali kupimwa."

Barua ile wakaipeleka karakana ya viungo bandia. Hapo ndipo walipomkuta Kiogora, kijana kutoka Meru mwenye mikono myeupe kwa plasta. Yeye ndiye mtaalamu wa kutengeneza miguu. Kwanza alisoma barua yote. Kisha akautazama ule mguu wa Kithaka waliokuja nao.

"Mama, huu ulitengenezewa mtu mwingine," alisema. "Mwanamume, tena mzito kukushinda. Kikombe chake kilifuata kigutu chake yeye."

Kikombe ni pale kigutu kinapoingia. Kiogora akakizungushia kigutu cha Celina bandeji ya plasta, akangoja ikauke, akaivua. Ikabaki na umbo lake kamili, kama ugali unavyobaki na umbo la bakuli.

"Viatu umekuja navyo?"

Celina alikuwa amejitayarisha. Kwetu, hospitalini mtu huenda na nguo za kanisani. Mguuni alivaa kiatu cheusi chenye kisigino. Kiatu cha pili alikitoa kwenye mfuko, kimefungwa ndani ya gazeti. Hakikuwa kimevaliwa tangu mguu ukatwe, lakini alikuwa akikipaka rangi kila Jumamosi pamoja na mwenzake.

Kiogora alikishika kwa heshima. "Ni kizuri. Siku nyingi unavaa hiki?"

"Jumapili."

"Na siku nyingine?"

Celina akatazama sakafu. "Gambuti zangu za mpira, za shambani," alisema kwa sauti ya chini.

"Kwa nini hukuja nazo?"

"Gambuti hospitalini? Nikuletee matope?"

"Mama, matope ndiyo nataka kujua. Mguu hupangwa kwa urefu wa kisigino. Nikiupanga kwa hiki cha kanisani, ukivaa gambuti utasukumwa nyuma. Kwenye mteremko utaanguka. Wapi hasa unataka kufika?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Hata sisi tuliompenda hatukumuuliza.

"Mtoni," alisema Celina. "Kwenye nduma zangu."

Basi akarudi na gambuti. Kiogora akaupanga mguu kwa kisigino chake. Akaichana ile ya kushoto kidogo kwa nyuma, ili mguu usiopinda uingie. Kisha wakamfundisha kutembea, kwanza kati ya vyuma viwili, halafu kwenye ngazi, halafu kwenye kilima nje. Akarudi mara nne ili kikombe kirekebishwe. Kila jioni hutazama kigutu chake kwa kioo kidogo. Akiona wekundu, huvua mguu na kwenda kwa Zuena.

Zuena naye alimpasha habari ofisa wa afya. Ofisa akafika soko la Karurumo, akamuuliza Kithaka namba yake. Kithaka hakuwa nayo. Leo anauza magongo na mipira ya kuvisha ncha za magongo, bila koti jeupe. Mtu akimuuliza habari ya mguu, humwambia aende hospitali.

Siku Celina alipoteremka mtoni, Mwaniki alitangulia kinyumenyume, mikono mbele, kama anayepokea mtoto. "Geuka utazame njia," Celina alimwambia. "Ukianguka, nani atakubeba?" Wakarudi na nduma moja tu, kubwa kama kichwa cha mbuzi. Nilipata kipande. Mkungu mwingine wa ndizi ukaenda dispensari, na safari hii haukurudi.

Jumapili iliyofuata nilikuwa nimeketi kanisani mapema. Nilijua Celina anakuja, na nilijua vile viatu vyeusi asingeweza kuvivaa kwa mguu uliopangwa kwa gambuti, na vingine vya kisigino kifupi alikuwa hajapata. Akaingia na kitambaa chake cheupe cha kichwani, na gauni la buluu, na gambuti zilizooshwa mpaka zikang'aa. Watu wakageuka. Akasita mlangoni kidogo.

Nyuma yake akaingia Mwaniki. Alivaa suti yake ya arusi na tai. Na miguuni, gambuti.

Akamshika mkono, wakaja mbele pamoja.