Mchezaji Asiyeaga Ngoma

Harufu ndiyo iliyotangulia. Noemí Lebrón alikuwa akipanga viti kwenye ukumbi wa shule iliyofungwa, joto la mji wa Guayama, huku Puerto Rico, bado limejaa chini ya mabati, mara pua ikanasa spiriti ya majani, ile ambayo wazee huchulia magoti. Akageuka. Mzee hakuwepo. Alikuwepo Yadira peke yake, mchoraji, anategesha kitambaa chake cha kuchorea karibu na jukwaa.

"Wewe ndiye umejipaka dawa?"

"Dawa gani? Mimi nanuka rangi tu, dada."

Noemí hakuwa na muda wa harufu. Usiku wa sanaa wa mtaa ulikuwa umeshamtoa jasho vya kutosha. Usiku wa kwanza umeme ulikatika kabla mpiga gitaa hajakaza nyuzi. Wa pili profesa Amílcar alipanda na shairi moja tu, la miwa, na alipolimaliza nusu ya watu walikuwa wamelala na nusu wameenda kwao. Ndipo Noemí akanunua kengele. Kila msanii na zamu yake, ikilia, shuka. Watu walinung'unika, naye akawaambia anayetaka kukaa jukwaani mpaka kuche akajenge jukwaa lake uani kwao.

Ni kengele hiyo iliyotuletea balaa. Mwezi uliotangulia alimkatiza nayo Doña Eufrasia, bibi aliyekuwa akicheza bomba, ngoma ya mababu zetu, tangu mama yake Noemí hajazaliwa. Na bomba ina adabu zake, hata watoto wetu wanazijua. Mchezaji huingia uwanjani akainama kuisalimu ngoma ndogo. Kuanzia hapo yeye ndiye anayeongoza: akirusha sketi, ngoma inajibu, akipiga kisigino, ngoma inajibu, mpigaji hana lake. Akitosheka, huinama tena mbele ya ngoma kuiaga. Asipoaga, ngoma bado ni yake.

Bibi alikuwa katikati ya mchezo kengele ilipolia. Alisimama, sketi mkononi, akamtazama Noemí.

"Sijaaga," alisema.

"Utaaga siku nyingine, Doña. Watu wanasubiri."

Siku nyingine haikuwepo. Walimzika wiki hiyohiyo.

Sasa jioni ya nne ilikuwa inakwenda vizuri, na hilo peke yake lingetosha kumtia mtu wasiwasi. Umeme ulikuwepo. Vitumbua vya samaki vilikaangwa mlangoni, watoto wakajipaka mafuta mpaka viwikoni. Profesa alisoma, kengele ikamkata kwenye beti tamu, akashuka amenuna. Kisha Noemí akaita ngoma.

Aliyekaa kwenye ngoma ndogo ni Eliezer, mdogo wake, fundi wa kugeuza mapipa kuwa ngoma. Tangu wazazi wao wafariki, nyumba yao ilikula kwa mikono ile. Noemí alikuwa mkali kwa dunia nzima, lakini mikono ya Eliezer aliionea huruma. Hata vyombo hakumruhusu kuosha.

Ngoma kubwa mbili zikaanza taratibu. Uwanja ulikuwa mtupu. Wachezaji walikuwa bado wanasukumana nani atangulie.

Ngoma ndogo ikasema: pa.

"Subiri mchezaji," Noemí alinong'ona.

"Nasubiri."

Pa. Pa-pa.

"Sasa mbona unapiga?"

Eliezer aliinua macho, na uso wake ulikuwa umebadilika. "Sipigi, dada. Najibu."

Watu walicheka. Mmoja alipiga kelele, "Mpunguzieni huyo pombe!" Eliezer hakucheka. Macho yake yalikuwa yanafuata kitu kule uwanjani, kimo cha magoti ya mtu, kinakwenda kushoto, kinarudi, kinazunguka, na kila kilipogeuka mikono yake iliruka. Noemí akaona huu ni utani, na utani kwenye ratiba yake hakuutaka. Akapiga kengele. Ngoma ikajibu kwa kishindo kilichomfanya mtoto mmoja aangue kilio.

"Acha, Eliezer!"

"Siwezi."

"Toa mikono!"

"Haitoki! Njoo uitoe wewe!"

Aliivuta. Ilikuwa mizito na ya moto, ikamponyoka, ikarudi kwenye ngozi. Wapigaji wa ngoma kubwa waliziacha ngoma zao wakakimbilia mlangoni, na ile ndogo ikabaki peke yake ikipigwa kwa kasi zaidi kuliko mwanzo; na ndipo Yadira, ambaye wakati wote huo alikuwa anachora kama alivyozoea bila kuangalia watu, alipotazama kazi yake mwenyewe akaangusha brashi, kwa sababu alikuwa amemchora Eliezer na ngoma yake na mbele yao upindo wa sketi nyeupe na miguu miwili mitupu ya kizee, vidole vimepinda, na rangi ya miguu ile ilikuwa haijakauka wakati miguu yenyewe tayari ilikuwa imeshahamia mahali pengine pa kitambaa, na harufu ya spiriti ikajaa ukumbini mpaka watu wakaziba pua, na vumbi la sakafu likawa linapigwa na kisigino ambacho hakuna aliyekiona, na kwenye ngozi ya ngoma, pale vidole vya Eliezer vilipokuwa vinatua, pakaanza kuonekana damu.

Walimkimbilia Casilda. Huyu alikuwa mdogo wa marehemu Doña Eufrasia, na watu wengine hututania kwamba Guayama ni mji wa wachawi kwa sababu ya wanawake kama yeye. Alikuja na kandambili, bakuli la maji na fungu la majani machungu. Alinyunyiza pembe zote, akasali, akamwita dada yake kwa jina la utotoni. Ngoma haikupunguza hata kidogo.

"Mkaidi," Casilda alihema. "Tangu tumboni mwa mama."

"Anataka nini?" Noemí aliuliza.

"Kumaliza."

"Basi amalize! Nani amemzuia?"

"Wewe ulimzuia. Sasa atamaliza akitosheka. Na magoti hayamuumi tena, mwanangu. Hapo ndipo tulipokwama."

Noemí alitazama vidole vya mdogo wake. Vilikuwa vimechubuka, kimoja kimepasuka kwenye kiungo, na Eliezer alikuwa analia kimyakimya bila kuweza kujifuta.

"Muombe radhi," Casilda alimnong'oneza. "Radhi tu. Usimwahidi kitu. Umenisikia? Mfu hasahau ahadi."

Noemí akapiga magoti uwanjani. "Doña, nisamehe. Nilikosa adabu." Ngoma ikapiga mapigo mawili mafupi ya dharau. "Nisamehe, bibi yangu. Ni mtoto huyu, hakukukosea kitu." Mapigo mawili tena. Mara ya tatu hakufika mwisho. Hasira zote za mwaka ule zilimpanda kooni, za umeme, za mashairi, za watu wanaolalamika na hawabebi hata kiti, akainuka akafoka:

"Basi chukua miguu yangu! Cheza mpaka utosheke, lakini mwachie mdogo wangu!"

Casilda alijiziba mdomo.

Ngoma ikanyamaza. Eliezer akaanguka ubavu. Na Noemí, ambaye tangu shule hakuwahi kucheza mbele ya watu kwa aibu, akakusanya sketi kwa vidole viwili, akazunguka mara moja kwa madaha ambayo ukumbi mzima uliyafahamu, akainama mbele ya ngoma.

Watu wakashangilia. Walipiga makofi, walikumbatiana, profesa akatangaza kwamba jambo hili litahitaji shairi refu. Casilda peke yake hakupiga makofi. "Amesalimu, hajaaga," alisema, akakusanya bakuli lake akaenda zake.

Asubuhi Eliezer alikuwa kitandani, mikono imefungwa bandeji mpaka viwiko. Daktari alikuwa amemwambia asiguse ngoma mpaka vidonda vifunge, na kidole kimoja hakumwahidi. Kutoka jikoni ilikuja harufu ya kahawa, akajisikia ameokoka.

Kisha akasikia kisigino kwenye vigae. Kimoja. Halafu viwili, na mburuzo wa taratibu wa unyayo.

"Dada," aliita. "Tulia kidogo, kichwa kinaniuma."

"Nimetulia." Sauti ya Noemí ilitoka jikoni. "Nimeshika sinki kwa mikono yote miwili, Eliezer. Sichezi mimi."

Kisigino kikapiga tena, kwa nguvu. Ndani ya bandeji vidole vyake vikanyooka, vikatafuta ubao wa kitanda, vikaanza kujibu.