Mafuta ya Taa Kwenye Chupa ya Juisi

Kila Jumamosi, chai ikishanywewa na vyombo vikishaoshwa, Chapuchapu alikuwa na kazi ya kuosha teksi ya baba yake. Jina hilo alibandikwa na baba mwenyewe, kwa kuwa msichana huyu wa miaka kumi na miwili hakuwa na subira hata ya kungoja uji upoe. Alifagia chapuchapu, akafua chapuchapu, na kola za sare yake zikatoka majini na uchafu wao uleule.

Jumamosi hiyo gari lilikuwa na kazi ya ziada. Barabara ya kituo cha mabasi ilikuwa imemwagwa lami mpya, na baba alipita hapo ingali mbichi. Milango myeupe ilijaa vidoa vyeusi, hasa nyuma ya magurudumu.

"Saa nane wakaguzi wa chama chetu cha madereva wanakuja kuangalia magari," baba alimwambia. "Lami haitoki kwa sabuni. Paka mafuta ya kula juu ya doa, liache lilainike, kisha lifute kwa kitambaa laini. Usikwangue, utaondoka na rangi. Na mafuta ya taa usiyaguse. Mdogo wako anazungukazunguka hapa uani."

"Sawa, Baba."

Baba akaondoka na gurudumu la akiba kwenda kuziba pancha. Mama alikuwa chumbani, akishona sare za wateja kwa cherehani.

Chapuchapu alianza vizuri. Alipaka mafuta, akangoja, akafuta. Baada ya nusu saa alikuwa ameondoa madoa matatu. Akajaribu kuhesabu yaliyobaki, akaishia arobaini na kukata tamaa. Wenzake walikuwa wameshatangulia uwanjani kucheza.

Akaingia jikoni. Dumu la mafuta ya taa lilikuwa nyuma ya jiko, zito kulibeba mpaka nje, hivyo akamimina kiasi kwenye chupa tupu ya juisi yenye picha ya chungwa. Alipopitisha kitambaa mara moja tu, doa liliyeyuka na kuteremka mlangoni kama wanja uliolowa machozi.

"Kumbe ni rahisi hivi," alijisemea, akajiona mjanja.

Alipomaliza mlango wa kwanza, aliiweka chupa kwenye kizingiti cha nyumba, akaenda bombani kuchota maji ya kusuuzia. Ndoo haijajaa, akasikia kikohozi.

Mdogo wake, ambaye kwa mashavu yake wote walimwita Bonge, alikuwa amekaa kizingitini na chupa mapajani. Alikuwa na miaka miwili na nusu. Shati lilikuwa limelowa kifuani, macho yamemtoka, anakohoa bila kupata nafasi ya kulia. Chapuchapu aliinyakua chupa. Mafuta yalikuwa yamepungua kama vidole viwili. Aliyamwaga yaliyobaki kwenye mtaro na kuitupa chupa kwenye pipa la taka.

Mama alitoka mbio, sindano bado imechomekwa kwenye kola yake. "Ana nini? Mbona ananuka mafuta ya taa?"

"Yamemwagikia shati lake."

"Hajayanywa?"

Ukweli ulikuwa umefika ulimini. "Hajayanywa, Mama. Nilimwahi."

Mama alimwamini. Alimvua Bonge shati, akamwogesha kwa sabuni, akambadilisha nguo huku akimkaripia Chapuchapu kwa kuchukua mafuta bila ruhusa. Karipio lile lilimpa msichana ahueni. Alidhani yameisha.

Hayakuwa yameisha. Bonge alikohoa tena, kisha tena. Alikataa ndizi, yeye ambaye hakuwahi kukataa chakula. Akaanza kusinzia begani kwa mama, tundu za pua zikipanuka kila alipovuta pumzi. Chapuchapu alisimama mlangoni akimtazama. Mara tatu alifungua mdomo, na mara tatu akaufunga.

Baba aliporudi, aliweka kiganja kwenye kifua cha mtoto. "Huyu anahema vibaya," alisema. "Ingieni garini."

Hospitalini walipokewa na daktari mwanamke, mtu mzima mwenye miwani. Alimsikiliza Bonge mgongoni, akanusa pumzi yake.

"Amekunywa nini?"

"Hakunywa kitu, daktari," mama alijibu. "Mafuta ya taa yalimmwagikia tu."

Daktari hakubishana naye. Alimgeukia msichana aliyejibanza ukutani. "Wewe ulikuwa naye?"

"Ndiyo."

"Nikitibu nisichokijua nitapoteza muda, na mdogo wako hana muda."

Chapuchapu aliachia ukuta, akasogea. "Aliyanywa," alisema. "Yalipungua vidole viwili. Mengine yalimwagika. Sasa imepita saa moja na nusu."

Mama alimgeuzia mgongo. Afadhali angempiga kofi.

"Mlimtapisha?" daktari aliuliza.

"Hapana," baba alijibu.

"Hilo limemsaidia. Mafuta ya taa yakirudi juu huingia mapafuni. Na kwa anavyopumua, mengine yameshaingia."

Bonge alilazwa siku nne, mrija wa oksijeni puani, sindano asubuhi na jioni. Mama alilala kwenye kiti. Chapuchapu alipomletea nguo safi, alipokea na kusema asante, basi. Usiku wa pili homa ilipanda hata baba akaitwa arudi wodini.

Siku ya tano mrija uliondolewa, na mtoto akaomba uji. Daktari aliwaruhusu kurudi nyumbani, akawaambia kifua chake kitahitaji uangalizi kwa miezi kadhaa.

Baba alimketisha Chapuchapu kwenye benchi la nje ya wodi.

"Kuchoshwa na kazi ndefu si ajabu, hata mimi huchoka," alianza. "Kuweka mafuta kwenye chupa ya kinywaji ni kosa kubwa, na mimi nina sehemu yangu. Lile dumu lilipaswa kufungiwa. Lakini ile saa moja na nusu ni yako peke yako. Mama yako alikuwa anamwogesha mtoto aliyetakiwa awe hapa."

"Niliogopa utanipiga."

"Ningekasirika sana. Hasira yangu ingekwisha siku hiyohiyo. Kama daktari asingekuuliza, leo tusingekuwa tunamsubiri avae viatu. Mwanangu, ukikosea, sema palepale, hata kama unatetemeka. Kosa lililosemwa linaweza kutibiwa. Lililofichwa hakuna wa kulitibu."

Chapuchapu alifuta macho, akaingia wodini. Alisimama mbele ya mama yake na kumsimulia yote, tangu dumu jikoni mpaka chupa kwenye pipa la taka, hakubakisha kitu. Mama alisikiliza huku akikunja nguo. Alipomaliza kukunja, alimnyanyua Bonge kitandani, akamkabidhi binti yake mikononi.

"Mshike vizuri," alisema.