Fimbo Iliyotundikwa Juu ya Kitanda

Siku ya soko, mwaka 2013, kwenye baraza la zahanati ya Base Camp, katika kambi ya wakimbizi isiyo mbali na Mbarara, hawa ndio waliokuwapo: Goretti, muuza dagaa, aliyelalamikia kiuno, bibi Mukashema, aliyelalamikia magoti, Mbabazi, mtaalamu wa mazoezi ya viungo kutoka Mbarara, Eugénie, mjane, mkulima wa zamani wa bonde la Ruzizi, aliyeanguka kwenye pampu ya maji juma lililotangulia, na Néhémie Kalume, mgane, mfugaji wa milima ya Kivu ya Kusini, aliyekuja kwa ajili ya mgongo, kisha akausahau.

Eugénie alikuwa amevaa kitenge cha rangi ya majani ya muhogo. Aliyahisi macho ya mzee yule kabla hajageuka.

"Mama, hii kitenge ulinunua fasi gani?"

"Unatafutia bibi yako?"

"Bibi yangu alibaki kule ku mlima, chini ya udongo. Natafutia macho yangu tu fasi ya kupumzika."

Goretti alikohoa. "Mzee, mgongo ingali inauma, ao imepona?"

Eugénie akacheka, na kucheka kukamuumiza nyonga.

Mbabazi aliwaambia wote wanne waliokuja, pamoja na majirani watakaopenda, wakutane ukumbini mwa kanisa dogo la Rubondo, upande wa kambi alikoishi Eugénie. Huko wanawake wazee walivaa suruali za binti zao chini ya vitenge, wakalala mikekani wakichekana kwa haya. Waliinua chupa zilizojazwa mchanga, wakavuta vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, wakakaa vitini na kuinuka pasipo kushika kitu.

"Hii ya kwa mkeka inaitwa Pilates," Mbabazi alisema. "Tumbo ingia ndani. Mgongo polepole. Mzee akianguka, si bahati mbaya peke yake. Miguu ilikuwa imelala zamani. Sisi tunaiamsha."

Eugénie alikuwa na sababu ya kuiamsha yake. Gisa, mwanawe, fundi wa simu mjini Mbarara, mtaa wa Makenke, alikuwa amekwisha kusema: "Mama, kama hauwezi kuamka chini peke yako, nakuchukua. Huko Rubondo ukianguka tena, nani atakuona?" Eugénie hakutaka kuchukuliwa kama godoro. Rubondo alikuwa na maharage yake, kwaya yake, na siku hizi alikuwa pia na mtu wa kumtania njiani.

Mtu huyo alimngoja siku moja nje ya ukumbi, kofia mkononi, akampa fimbo aliyoichonga mwenyewe, laini kama shingo ya ndama.

"Shika, Eugénie. Njia inateleza."

"Asante, mpenzi wa ng'ombe."

"Ng'ombe zilibaki. Mapenzi nilivuka nayo."

Eugénie alitembea na fimbo hiyo msimu mzima. Néhémie alipomwona akipita nayo sokoni, alivaa kofia yake upande kama kijana, akawaamkia hata asiowajua. Kisha, pole kwa pole, miguu ikarudi. Eugénie aligundua asubuhi moja kwamba ameinuka kutoka mkekani bila kujishika popote, na ndoo ya maji haikumpepesusha tena. Kwao bondeni, kitu cha thamani hakichakazwi matopeni. Aliitundika fimbo juu ya kitanda, kando ya kitambaa cha marehemu mama yake, kitu pekee alichotoroka nacho. Akaenda mazoezini mikono mitupu, akiona fahari kwamba Néhémie atamwona.

Néhémie alimwona. Akaitazama mikono ile, akakunja mkeka wake, akatoka. Siku zilizofuata hakurudi.

Juma lililofuata Gisa, ambaye hakujua bado kwamba mama yake anainuka peke yake, alimpeleka Mbarara ili akaizoee nyumba. Kilikuwa chumba kizuri, chenye pazia la maua na sakafu ya saruji. Eugénie alifanya mazoezi yake kando ya kitanda, kisha akapiga simu.

"Alo? Néhémie?"

"Ni miye."

"Mgongo?"

"Iko."

"Sababu gani hauonekane tena ku mazoezi?"

"Jibu yako niliiona, Mama Gisa. Kaa vizuri huko."

Simu ikakatika. Hakuwahi kumwita Mama Gisa. Eugénie alimpigia Goretti, akamweleza yote.

"We mwanamke wa bondeni," Goretti alicheka mpaka akakosa pumzi. "Kwa bale bafugaji ba kwabo, mwanaume akikupa fimbo alichonga, amekuposa. Ukitembea nayo, umekubali. Ukiiacha, umekataa mbele ya batu bote."

"Mbona hakusema?"

"Alisema na mti."

Eugénie aliketi. Akaukumbuka msimu ule wote: kofia upande, salamu zile sokoni. Kumbe alikuwa mchumba wa mtu, na siku tamu za uchumba zikampita bila habari. Alilia kidogo, akacheka, akafunga mzigo wake.

Gisa alimrudisha Rubondo, akidhani wanafuata vyombo. Siku ya mazoezi Goretti alikwisha kumvuta Néhémie kwa mkono wa koti hadi ukumbini, naye akakaa karibu na mlango, akitazama chini. Eugénie aliingia na kitenge kile cha rangi ya majani ya muhogo, fimbo ikiwa imelazwa mabegani na mikono imeangikwa juu yake, kama wafugaji wanavyorudi jioni. Néhémie akainua uso.

Eugénie aliiweka fimbo sakafuni. Akalala mkekani chali, akavuta pumzi, akajikunja upande, akapiga goti, akasimama. Mkono haukugusa kiti wala ukuta. Gisa, aliyemfuata hadi ukumbini, alisogea karibu aone vizuri. Ndipo Eugénie akaiokota fimbo.

"Bandugu, na wewe Gisa, musikilize. Mbarara nitakuya kutembea. Kukaa, nakaa Rubondo. Miguu yangu haitake tena hii fimbo. Ni miye naitaka. Mzee Kalume, nitatembea nayo mpaka kwa pasta juma hii, na utakuwa kando yangu. Nimeshaamua. Mwenye iko na neno, asimame aliseme, na asishike kiti."