Test Aliyoizima Ruphin

Asubuhi hiyo geti la yadi ya malori kule Clairwood, Durban, lilikuwa limefungwa na madereva wanatukana. Tovuti ya kuombea nafasi ya kuingia bandarini ilikuwa imeganda. Inès, ndani ya jinzi na blauzi ya kijani iliyompendeza kuliko alivyojua, alijaribu tena kwenye simu yake, ikagoma. Akamgeukia kijana aliyesimama karibu, raba zake nyeupe zikiwa hazifai kabisa kwa matope yale.

"Aliyeandika takataka hii angekuwa hapa ningemzaba kofi."

"Basi zaba," kijana akasema. "Ni miye. Miye njo niliandika."

Inès hakuomba radhi. Alimwonyesha mahali palipogoma, akamuuliza kama ana macho. Kumbe wiki hiyo Inès alikuwa ameajiriwa na kampuni ileile kupima tovuti, na kwa kuwa kila mtu alifanyia kazi nyumbani kwake, hawakuwa wamewahi kuonana. Ruphin, Mkongo wa Uvira, alicheka mpaka akasahau malori. Jioni akampigia.

"Chérie mkali, umekula?"

"Chérie wa nani? Nani mpenzi wako?" akauliza Inès, ambaye ni Mrundi. Lakini simu hakukata.

Mwaka mzima walipendana hivyo, kwa kuchokozana. Kazi ya Inès ilikuwa kuandika test, yaani programu inayofungua tovuti yenyewe na kubofya kama dereva. Test zilikimbia kwenye kompyuta za kukodi huko kwenye cloud, na ikibidi alisimamisha moja katikati, akaangalia kinachoonekana kwenye skrini yake na kuingiza mkono mwenyewe. Mwenzake yeyote aliweza kuingia humo humo na kubofya naye.

Ijumaa moja test yake ilianguka kwenye cloud, yaani ilikuta kosa, lakini kwa Ruphin ikapita.

"Kwangu inapita, mupenzi. Cloud yako njo iko mgonjwa."

"Nipe mpaka kesho nilikamate kosa. Usitoe toleo jipya la tovuti."

"Sharp," akaitikia, yaani sawa.

Lakini Ruphin hakungoja. Kesho yake alitakiwa aende na wazee kwa Pontien, mjomba wake Inès, kujitambulisha kama mchumba, na aliogopa kazi ingemchelewesha. Akaizima ile test, akatoa toleo, akapiga suti pasi huku akiimba. Alifanya upumbavu kwa sababu ya mapenzi, na mimi simtetei.

Jumamosi Inès alikuwa kwa mjomba, kwenye flat ya South Beach, amevaa kitenge kipya cha bluu na nywele zimetoka saluni, yadi ilipompigia. Madereva waliotoka Dar walikuwa wanakataliwa na tovuti. Wanaambiwa zamu yao imepita, na haijapita. Akafungua laptop kitandani, akaiendesha test kwa mkono, akaisimamisha palipoanguka, akatazama saa. Kompyuta ya cloud haikuwa na saa ya Durban. Toleo jipya la Ruphin lilikuwa linaamini saa ya kifaa chochote, na simu za madereva wale bado zilikuwa na saa ya Dar, iliyo mbele kwa saa moja. Ndicho test yake ilichokuwa inakipigia kelele tangu Ijumaa. Halafu, hapo hapo kwenye skrini, akaona kwamba ilizimwa Ijumaa ileile, na jina la aliyeizima.

Akampigia. "Uliizima test yangu?"

"Nilitaka kuwahi, chérie. Wazee..."

"Rudi nao."

"Inès, tuko hapa chini na kreti za Fanta."

"Rudi nao. Nilikuambia ngoja, ukaniitikia sharp. Leo nikipiga kelele kwenye kazi unanizima. Nikiwa mke wako itakuwaje?"

Akakata. Josias, baba mdogo wa Ruphin, na koti lake zito kwenye joto lile, alirudi na Fanta zake mbele ya majirani. Aibu hiyo iliwauma wote, hata Inès aliyeisababisha, lakini hasira yake ilikuwa kubwa zaidi.

Simu ikalia, hakupokea. Ndipo kwenye skrini, katika ile test iliyosimama, kwenye nafasi ya jina la dereva, herufi zikaanza kujiandika zenyewe: *Inès pokea simu*. Akafuta. *Naomba chérie*. Akafuta, akaandika yeye: *TOKA KWENYE TEST YANGU*. Zikaja tena: *Nakupenda*. Akafunga kila kitu, akalia kwa hasira mpaka wanja ukachuruzika. Wote wawili walisahau kwamba cloud hurekodi video ya yote yanayofanyika humo.

Jumatatu Sonia, mwenye kampuni, aliwaita wafanyakazi wote ofisini. "Malori yamelala nje siku mbili. Inès, kazi yako ni kuona. Kwa nini hukuona?"

Inès alikuwa na jibu, lakini alifunga mdomo na kumtazama Ruphin. Akinyamaza huyu, alijiambia, nimemalizana naye leo hii.

Ruphin akasimama. "Aliona. Alinikataza siku ya Ijumaa. Miye njo nilizima."

"Iko ushahidi?"

"Iko video."

"Ruphin," Inès akanong'ona, "usiicheze yote."

Aliicheza yote, maana kosa na maombi yalikuwa humo pamoja. Ofisi nzima ikaona saa, ikaona jina la Ruphin kwenye test iliyozimwa, ikaona *Naomba chérie*, ikaona *TOKA*. Arnaud, mwenzao wa meza ya pili, alicheka mpaka akakohoa. Ruphin hakuisimamisha, masikio yamemwiva.

"Eish," akasema Sonia. "Kuanzia leo hutoi toleo bila Inès kukubali."

"Ndiyo, maman."

Jioni Inès ndiye aliyepiga. "Bado nina hasira."

"Najua."

"Sijamaliza."

"Endelea."

Akaendelea, na Ruphin akasikiliza bila kujitetea. Alipochoka kufoka, sauti ikamshuka. "Kwa nini hasa uliizima?"

"Niliogopa kuchelewa. Niliona mjomba wako atasema mwanaume huyu hana adabu, na weye utaona haya."

"Leta wazee tena Jumamosi. Kwanza utamwomba radhi baba mdogo, kisha nami nitamwomba."

"Na test ikianguka Ijumaa?"

"Utaitengeneza."

"Nitachelewa, Inès."

"Chelewa," akasema. "Ningekungoja hata juzi, mjinga weye. Hukuniuliza tu."